Mji wa Teksi Zisizo na Dereva

Mji wa San Francisco umejengwa juu ya ncha ya rasi, katika pwani ya magharibi ya Marekani, na maji yameuzunguka pande tatu. Upande wa magharibi iko Bahari ya Pasifiki. Kaskazini upo mlango wa ghuba, ambao juu yake linapita daraja mashuhuri la Golden Gate lililofunguliwa mwaka 1937. Mashariki iko ghuba yenyewe, pana na yenye baridi, na ng'ambo yake ndiko iliko miji ya Oakland na Berkeley, wanakolala maelfu ya wafanyakazi ambao riziki yao iko San Francisco. Mji wenyewe si mkubwa. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 121 tu, na wakazi wake wamezidi laki nane. Una vilima vikali, hata baadhi ya mitaa imetengenezewa ngazi, kwa kuwa hakuna gari ambalo lingeweza kuipanda.

Huenda ukauliza, ndugu msomaji, mji huu wa mbali una neno gani la kumwambia mfanyakazi anayedamka alfajiri kule Mbagala ili awahi kazini Kariakoo. Neno analo. Katika mji huu, kwa miaka kadhaa sasa, watu wa kawaida huchukuliwa nyumbani wakapelekwa kazini na magari ambayo ndani yake hamna dereva. Si maonyesho ya sabasaba, wala si mchezo wa sinema. Ni teksi za kulipia, nazo hupita barabarani mchana na usiku pamoja na mabasi, baiskeli, malori na waendao kwa miguu. Na jambo la namna hii, likishaanza mahali pamoja, halikosi kutembea. Kwa hiyo tufunge safari, tuutazame mji huu katika siku moja ya kazi. Tuone ni kitu gani kimebadilika, na kipi kimebaki vilevile.

GARI LINALOJIENDESHA

Tuseme umesimama kando ya barabara katika mtaa wa Mission, asubuhi, ukungu wa baharini ukiwa bado haujaondoka. Umeita teksi kwa simu yako ya mkononi. Baada ya dakika chache linakuja gari jeupe aina ya Jaguar, linalotumia umeme na kwa hiyo halina mngurumo. Juu ya paa lina kuba dogo, na juu ya kuba hilo herufi za mwanzo za jina lako zinawaka, ili usije ukaingia gari la mwenzio. Unafungua mlango, unaketi, unafunga mkanda, unabonyeza kitufe cha kuanza safari. Sauti inakukaribisha. Kisha usukani unazunguka wenyewe, kama kwamba kuna mtu asiyeonekana aliyeushika, na gari linaingia barabarani kwa adabu.

Siri yake si uchawi. Gari limezungushiwa kamera zinazotazama pande zote. Lina rada, na lina vyombo vinavyorusha miali ya leza na kupima muda unaochukua miali hiyo kugonga kitu na kurudi. Kwa njia hiyo gari hujua kila kitu kiko umbali gani, hata gizani. Tena limekwisha kufundishwa ramani ya mji, kila njia panda na kila taa. Kompyuta iliyomo ndani huyalinganisha yote hayo mara nyingi katika kila sekunde, ikakisia kama yule mtoto aliyesimama kando ya njia atavuka au atangoja, ndipo ikaamua kupunguza mwendo au kuendelea. Mbele ya abiria kuna kioo kinachomwonyesha yale ambayo gari linayaona. Humo utawaona wapita njia wakitembea kama vivuli vidogo, na mgeni hupata faraja akijua kwamba gari limewaona kabla yake.

Kazi hii ilianza mwaka 2009 ndani ya kampuni ya Google. Mwaka 2016 ikatengwa ikawa kampuni yake, iitwayo Waymo. Mwaka 2018 ilianza kutoza nauli katika vitongoji vya mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, na Oktoba 2020 ikawafungulia wananchi wote wa huko magari yasiyo na mtu yeyote kwenye kiti cha dereva. Huko ardhi ni tambarare, barabara ni pana, na mvua ni haba. San Francisco ulikuwa mtihani mwingine kabisa, kwa vilima vyake, ukungu wake na mitaa yake iliyobanana. Hata hivyo, kuanzia Juni 2024 mtu yeyote mjini humo aliweza kuliita gari hilo, na Novemba 2025 magari hayo yakaanza kuwachukua abiria hadi kwenye barabara kuu za mwendo wa kasi ziendazo nje ya mji.

NEEMA ZAKE

Haifai kukidharau kitu kwa sababu ni kigeni. Zipo neema ambazo mtu mwenye haki hawezi kuzikana. Kipofu ambaye maisha yake yote alimtegemea jirani ampeleke hospitali, sasa hujiendea mwenyewe kwa saa aitakayo. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu hahitaji tena kumsumbua mwanawe aache kazi. Mama anayetoka zamu ya usiku hana haja ya kuhofia tabia ya mtu asiyemjua aliyeshika usukani. Na gari hili halilewi, halisinzii, halisomi ujumbe wa simu likiwa mwendoni, wala halikasiriki likipitwa.

Hilo la mwisho si dogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani. Takwimu zilizotolewa na Waymo yenyewe zinaonyesha kwamba magari yake yamepata ajali za kujeruhi chache kuliko zile za madereva binadamu katika miji hiyohiyo. Ni kweli kwamba muuzaji hapaki tope bidhaa yake, lakini hesabu hizo zimechunguzwa na wataalamu na hazikutupwa.

Lakini mashine nayo ina ujinga wake, na ujinga wake haufanani na wetu. Mwezi Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akikokota baiskeli. Alikuwamo mtu wa kulisimamia, lakini hakuwa akitazama mbele. Oktoba 2023, hapahapa San Francisco, mwanamke aligongwa na gari lililoendeshwa na binadamu, akarushwa mbele ya teksi ya kampuni ya Cruise isiyo na dereva. Teksi ilimkanyaga ikasimama. Kisha, badala ya kutulia, ikasogea kando ya njia kama ilivyofundishwa kufanya baada ya ajali, ikamburura kiasi cha meta sita. Dereva yeyote mwenye moyo angeshuka na kutazama chini ya gari. Mama huyo hakufa, lakini jimbo la California liliisimamishia Cruise ruhusa yake mwezi huohuo, na Desemba 2024 wenye kampuni, General Motors, wakaacha kabisa kuitia fedha.

Yapo na mengine, makubwa na madogo. Mwaka 2023 wakuu wa kikosi cha zimamoto mjini humo walilalamika mara kwa mara kwamba magari haya huzubaa mbele ya askari wao wakati wa hatari. Agosti 2024 wakazi wa mtaa mmoja walikosa usingizi kwa sababu teksi zilizokuwa zikiegeshwa uwanjani usiku zilipigiana honi zenyewe kwa zenyewe. Desemba 2025 kampuni ya Waymo ililazimika kusahihisha programu ya magari yake zaidi ya 3,000, baada ya baadhi yake kuyapita mabasi ya shule yaliyosimama kushusha watoto. Na tarehe 20 mwezi huohuo umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya San Francisco, taa za barabarani zikazimika, na teksi nyingi zikakwama katika njia panda zikiwa zimewasha taa za tahadhari. Sisi tunaoishi katika miji ambako umeme ukikatika si habari, tunaweza kutabasamu. Askari wa barabarani mmoja, mwenye filimbi na glavu nyeupe, huweza kwa mkono wake kile ambacho kompyuta hizo zilishindwa usiku ule.

CHINI YA GHUBA

Tuache teksi kwa kitambo, tuvuke kwenda Oakland, tukawaone wafanyakazi wanavyokuja mjini asubuhi. Maana swali la gari lisilo na dereva haliwezi kueleweka bila kuitazama njia hii.

Daraja la kuvuka ghuba, Bay Bridge, lilifunguliwa mwaka 1936. Lina sakafu mbili. Kuanzia mwaka 1939 sakafu ya chini ilikuwa na reli, na treni za umeme ziliwavusha wafanyakazi kila siku. Lakini siku zile kila Mmarekani aliota kuwa na motokaa yake, na motokaa ndiyo iliyoonekana kuwa maendeleo yenyewe. Mwaka 1958 treni zikaondolewa, reli zikang'olewa, sakafu zote mbili zikaachiwa magari. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Haikupita miaka mitano foleni ikawa imewafunza wenyeji. Novemba 1962 wananchi wa wilaya tatu walipiga kura wakakubali kukopa fedha ili wajenge upya kile walichokibomoa, safari hii kwa njia ya shimo lililozamishwa chini ya ghuba. Treni hiyo huitwa BART. Ilianza kazi Septemba 1972 upande wa mashariki, na mwaka 1974 ikapita chini ya maji hadi San Francisco.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi wamelisahau. BART ilijengwa tangu mwanzo iwe treni inayojiendesha. Mwendo wake uliamuliwa na mitambo, na mfanyakazi aliyekaa mbele alikuwa mwangalizi. Wakati ule magazeti yaliishangaa kama tunavyozishangaa teksi za leo. Haijatimia hata mwezi, tarehe 2 Oktoba 1972, treni moja ilipokaribia kituo cha mwisho cha Fremont kifaa kidogo ndani ya mtambo wake kilikosea. Badala ya kuamuru treni ipunguze mwendo, kikaamuru iongeze. Treni ikapita kituo, ikapita mwisho wa reli, ikaangukia kwenye kifusi, watu kadhaa wakaumia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mitambo ilirekebishwa, na BART ikaendelea kuwabeba watu kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwangalizi naye hakuondolewa. Yuko mpaka leo, anafunga milango, anatazama nje ya dirisha lake, na siku ya balaa ndiye anayewaongoza abiria kutoka gizani.

Hata chini ya mtaa wa Market, katikati ya mji, treni ndogo za halmashauri ya San Francisco hujiendesha zikiwa ndani ya shimo tangu mwaka 1998. Zikitoka nje juani, dereva huzishika mwenyewe. Mtambo unaoziongoza ulitumia diski laini za zamani, zile ambazo watoto wa leo hawazijui, na mwaka 2024 ndipo mkataba wa kuubadilisha ulipopitishwa. Kwa hiyo chombo kinachojiendesha si kigeni katika mji huu. Kilicho kigeni ni kukitoa kwenye njia yake chenyewe na kukitia barabarani, mahali ambapo kila mtu anapita.

HESABU YA NJIA MOJA

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Wanaouza magari haya husema kwamba yatamaliza foleni. Tufanye hesabu, nayo haihitaji chuo kikuu.

Njia moja ya barabara kuu, magari yakienda vizuri bila kukwama, hupitisha kiasi cha magari 2,000 kwa saa. Asubuhi, magari mengi huwa na mtu mmoja. Basi njia hiyo imepitisha watu 2,000 na kidogo. Sasa tuwape mashine heshima yao yote: tuseme zitafuatana kwa ukaribu ambao binadamu hathubutu, hata njia ileile ipitishe mara mbili. Watakuwa watu 4,000. Lakini njia hiyohiyo ukiitengea mabasi marefu, kila moja lina watu 150, na kila dakika likapita moja tu, utapata watu 9,000 kwa saa. Na kila basi lina dereva wake, ana mshahara wake, na watoto wake wanasoma.

Zaidi ya hayo, gari lisilo na dereva lina tabia moja ambayo gari la zamani halikuwa nayo: laweza kwenda likiwa tupu. Mtu mwenye gari lake la kawaida hufanya safari mbili kwa siku, kwenda na kurudi, na katikati gari limesimama. Akiwa na gari linalojiendesha, na maegesho ya mjini ni ghali, atalirudisha nyumbani lenyewe na kuliita jioni. Safari mbili zimekuwa nne, na mbili kati yake hazina mtu. Teksi nazo, kati ya abiria mmoja na mwingine, huzurura.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilipima jambo hili kwa akili sana. Hawakuwa na magari yanayojiendesha ya kugawa, kwa hiyo waliwapa watu 13 wa eneo hili madereva wa bure kwa juma moja. Dereva angeliendesha gari la mtu huyo popote atakapotumwa, mwenyewe akiwamo au asiwemo, kama ambavyo mashine ingefanya. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Mwendo wa magari hayo kwa juma hilo uliongezeka kwa asilimia 83. Watu walitoka zaidi nyakati za jioni, walikwenda mbali zaidi, na sehemu ya mwendo huo gari lilikwenda bila mwenyewe kuwamo. Ni watu wachache, tena ni juma moja tu, lakini tabia iliyoonekana ni ya binadamu wote: ukimwondolea mtu uchovu wa safari, hatapumzika nyumbani, ataongeza safari. Mfanyakazi atakubali kuhamia mbali zaidi kwa kuwa atalala garini. Wote wakifanya hivyo, barabara itajaa waliolala.

Mtaa wa Market ni ushahidi wa macho. Ndio mshipa mkuu wa mji, na mabasi mengi hupita hapo. Januari 2020 halmashauri iliwafungia wenye magari binafsi sehemu ya kati ya mtaa huo, ili mabasi na baiskeli vipumue. Agosti 2025 mlango ukafunguliwa kidogo, na teksi za Waymo zikawa miongoni mwa za kwanza kuruhusiwa kuingia. Simama pale saa kumi na moja jioni utazame. Basi lililojaa hadi mlangoni linangoja taa ibadilike, na mbele yake limesimama gari zuri, kimya, lenye mtu mmoja. Je, ni kipi kati ya hivyo viwili kinachostahili kupewa njia?

MTU ALIYESHIKA USUKANI

Hatuwezi kuuacha mji huu bila kumtafuta dereva. Yuko wapi?

Dereva wa teksi wa San Francisco alikuwa ameumia hata kabla ya mashine kuja. Kuanzia mwaka 2010 halmashauri ilianza kuuza leseni za teksi kwa dola 250,000 kila moja. Madereva, wengi wao wahamiaji, walikopa wakanunua, wakitumaini kuzeeka nazo. Muda si mrefu yakaja magari ya kuitwa kwa simu, ambayo hayakuhitaji leseni ile, na thamani yake ikayeyuka ilhali deni likabaki. Leo aliyekuwa akiendesha magari hayo ya simu naye anatazama kioo cha pembeni akaona teksi isiyo na mtu ikimpita.

Lakini tusidhani kwamba kazi ya binadamu imekwisha ndani ya gari lile. Imehamishwa, na kufichwa. Usiku yuko mtu anayelifagia na kulichomeka kwenye umeme. Na gari likikutana na jambo lisilolielewa, huuliza, na mtu aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta hulijibu. Februari 2026 mkuu mmoja wa Waymo aliliambia baraza la Seneti la Marekani kwamba baadhi ya watu hao wako Ufilipino. Kwa hiyo kazi ya mjini San Francisco imevuka Bahari ya Pasifiki, kwenda kwa mwenye ujira mdogo zaidi, na abiria hamwoni wala hamjui.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Chama cha madereva wa malori kilipigania sheria ya kulazimisha malori mazito yawe na mtu ndani yake. Bunge la California liliipitisha mwaka 2023, Gavana Gavin Newsom akaikataa. Ikapitishwa nyingine mwaka 2024, akaikataa tena. Wako pia waliokata tamaa kwa njia isiyofaa: Februari 2024, usiku wa sherehe za mwaka mpya wa Kichina, kundi la watu mtaani lilivunja vioo vya teksi tupu na kuitia moto. Hasira hiyo haikumsaidia dereva yeyote.

BARABARA NI YA NANI

Panda sasa gari la kamba, lile la mbao na kengele, linalovutwa kwa waya mzito uliopita chini ya ardhi. Magari hayo yalianza kupanda vilima vya mji huu mwaka 1873, na mpaka leo yana mtu wa kushika kamba na kondakta wake. Mwaka 1947 meya alitaka kuyaondoa, akisema ni ya kizamani na yana hasara. Mwanamke mmoja, Friedel Klussmann, akawakusanya wanawake wenzake, wakakusanya sahihi, suala likapigiwa kura, na magari ya kamba yakabaki. Mwaka 1959, baada ya wananchi kulalamika mtaa kwa mtaa, baraza la mji lilifuta barabara kuu saba kati ya kumi zilizopangwa kuupasua mji. Na tetemeko la ardhi la Oktoba 1989 lilipoitikisa barabara ya juu iliyokuwa imeuziba ufuko wa bandari, mji ulikata shauri usiijenge tena. Ilibomolewa mwaka 1991, na leo familia hutembea pale jioni wakipunga upepo.

Tazama basi jinsi teksi zisizo na dereva zilivyoingia. Tarehe 10 Agosti 2023 tume ya huduma za umma ya jimbo, ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana, ilipiga kura tatu kwa moja kuziruhusu kampuni mbili zitoze nauli mji mzima, saa zote. Halmashauri ya San Francisco ilipinga, ikaomba zisubiri, lakini haikuwa na mamlaka. Mji ambao wakazi wake waliwahi kupigia kura hata gari la kamba, haukuulizwa juu ya gari lisilo na mtu.

Hilo ndilo funzo ambalo msafiri anapaswa kurudi nalo. Mashine inaweza kuuondoa mkono wa dereva kwenye usukani, na pengine kwa usalama zaidi. Haiwezi kuipanua barabara, wala kuamua ni nani apite kwanza. Hayo ni mambo ya kukubaliana watu.

Sisi nasi tulikwisha kuanza kulijibu swali hilo kwa namna yetu. Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam, njia ilitengwa katikati ya barabara ya Morogoro, ikasemwa wazi kwamba waliojaa ndani ya basi moja wana haki ya kumpita aliye peke yake ndani ya gari lake. Kila msomaji wa ukurasa huu anajua kasoro za mabasi hayo, jinsi abiria wanavyobanana vituoni na jinsi basi linavyochelewa mtu akiwa amekwisha kukata tiketi. Kasoro hizo zataka kurekebishwa, tena upesi. Lakini wazo lenyewe ni la haki, nalo ni la thamani kuliko kuba lolote linalozunguka juu ya paa.

Siku teksi isiyo na dereva itakaposhushwa bandarini kwetu, na huenda watoto wetu wakaiona, tusiikimbie wala tusiikimbilie. Tuulize itabeba watu wangapi, na itapita katika njia ya nani. Tumwulize dereva na kondakta wake, kabla hawajaachishwa, wameandaliwa kazi gani. Na maswali hayo tuyaulize mapema, gari likiwa bado melini.